Konyeza, Taa na Mguu wa Mama Mkwe

Rafiki zangu wa Kilakala, na nyinyi wenzangu tuliokuwa pamoja karakana, kila nikipita mnaniuliza jambo lile lile: ilikuwaje mpaka nikaushika mguu wa mama mkwe wangu, tena mbele za watu, tena kwa zaidi ya saa nzima. Kila mmoja ameshasikia kipande chake. Wengine mmeambiwa aliumwa na nyoka, wengine kwamba nilimwokoa asizame. Hakuzama, na nyoka hakuwepo. Naandika mara moja yote yaishe, anayetaka asome.

Mnanijua mimi ni mtu wa Ukerewe, nimekulia ziwani. Felista mke wangu ni Mluguru wa Nyandira, kule juu Mgeta kwenye baridi na makabichi. Mama yake tangu mwanzo hakunipenda sana. Si kwamba alinichukia. Alitaka bintiye aolewe mlimani, alime shamba la ukoo wake, na badala yake akaja mtu asiyejulikana kwao akamteremsha mjini. Akinitaja kwa watu alisema "yule mtu wa maji". Na heshima ya mkwe mnaijua. Katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kumpa mkono, sikuwahi kukaa naye mkeka mmoja, wala hajawahi kuniona nikitafuna. Namsalimu kwa mbali nimeinama, anaitikia, basi.

Sasa shemeji yangu Yustina, mwalimu wa shule ya msingi kijiji cha Pembemchanga, ng'ambo ya Kigamboni, alijifungua kwa upasuaji. Mumewe alikuwa semina mkoani kwingine. Yustina akaandika barua kwamba anamhitaji mama. Mama alikuwa hajawahi kuvuka Morogoro mjini maisha yake yote, na Felista alikuwa na mimba ya miezi saba, mkunga kamkataza kusafiri. Mwanamume aliyekuwa hana kazi ya kumzuia nilikuwa mimi. Kiwanda chetu kilikuwa kimeshauzwa, na mwenye mali mpya ameshatupunguza kazini. Felista akaniambia, "Baba Deo, utampeleka mama." Hakuuliza.

Nyandira hadi Morogoro

Nilipanda kumchukua siku ya gulio. Nilimkuta amekaa kando ya barabara tangu alfajiri, amevaa sweta mbili, na kapu limefunikwa kwa khanga. Ndani mlikuwa na fyulisi, njegere, viazi mviringo na kifurushi cha mizizi ya kumchemshia mzazi. Nikamwambia kwa adabu kwamba pwani kuna joto, sweta moja ingetosha. Akanijibu kwamba joto la watu wengine yeye halijui, baridi yake anaijua.

Usafiri wetu ulikuwa lori la makabichi. Yeye akakaa mbele na dereva, mimi nikapanda juu ya mzigo, na kusema kweli nilishukuru, maana umbali wetu ulikuwa umehifadhiwa vizuri. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kwenye kona ya tatu lori likazama tope mpaka ekseli. Wanaume wote tukashuka kusukuma. Tulisukuma mpaka jua likawa kali. Mama alikaa kule mbele, kichwa nje ya dirisha, akimweleza dereva jinsi barabara hiyo ilivyokuwa zamani na nani aliyeiharibu. Lilipochomoka, tairi la nyuma lilinimwagia tope kuanzia utosini. Utingo akacheka, na mama akageuza uso upande wa pili. Baadaye kidogo nikapewa fyulisi mbili kupitia kwa utingo. "Zimetoka mbele," akasema.

Tulifika mjini saa tisa, tukalala kwangu Mwembesongo. Felista alipoona nguo zangu aliuliza kama nilikuja kwa miguu.

Morogoro hadi Mikese, na saa nne pale

Miaka hiyo mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameanza kujaa barabarani, kila moja na rangi zake na muziki wake. Letu lilikuwa jipya kwa nje. Tatizo lilianza kwenye tiketi: viti viwili vya pamoja. Mama alipoelewa kwamba mimi ndiye nitakayekaa pale bega kwa bega naye mpaka Dar es Salaam, alisimama kwenye ujia akakataa kukaa. Mimi nami nikasimama. Nyuma yetu watu wakaanza kulalamika. Kondakta alikuja, akatutazama mmoja mmoja, akaniambia kwa sauti ya basi zima nisigombane na mama yangu safarini, ni mkosi. Nilipojaribu kueleza kwamba si mama yangu, ni mama mkwe, mzee mmoja aliyekaa karibu akaelewa papo hapo. Akamwomba msichana mwanafunzi aliyekuwa nyuma abadilishane nami. Msichana yule akakaa na mama, na mpaka tunatoka mjini alikuwa ameshalishwa fyulisi na kuulizwa ukoo wake.

Hatukufika mbali. Mikese, mkanda wa feni ukakatika. Dereva hakuwa na wa akiba. Kondakta akasimamisha gari la kurudi Morogoro akatafute mwingine, na sisi tukabaki kando ya barabara. Wauza mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma walitujia mbio, wakatukuta tunakaa kitako. Nikanunua mahindi manne. Sasa tunakula vipi? Palikuwa na gogo moja tu lenye kivuli. Mama akaangalia gogo, akaniangalia, kisha akakaa upande mmoja akatazama porini. Nikakaa upande wa pili nikatazama barabara. Tukala migongo imeelekeana, na kila mmoja akimsikia mwenzake akitafuna.

Saa tatu zilipopita na kondakta hajarudi, nikashindwa kuvumilia. Nilimwomba dereva anifungulie boneti. Nilijaribu kwanza ukanda wa tyubu, ukateleza. Mama mmoja mfanyabiashara wa mitumba akafungua robota lake akatoa soksi ndefu za nailoni, za wanawake, nyingi. Nikazisuka mara tatu, nikazikaza, dereva akawasha. Feni ikazunguka. Tukasikilizia kama dakika kumi hivi, abiria wote wamezunguka boneti kimya kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari. Kondakta aliporejea mikono mitupu, basi lilikuwa linanguruma. Soksi zile zilitufikisha Chalinze, tukapata mkanda wa kweli.

Nilipokuwa nanawa grisi, mama alikuja mpaka hatua tatu hivi.

"Kumbe wewe ni fundi," akasema.

Nikajibu ndiyo.

"Felista aliniambia uko kiwandani. Mimi nilijua unapakia mizigo."

Miaka sita, jamani.

Pantoni

Dar es Salaam nitairuka, tuliipita tu. Lakini kwenye pantoni ya Kigamboni mama aliona bahari kwa mara ya kwanza. Nilitegemea atasema neno kubwa. Alitazama muda mrefu, akasema, "Hayatulii." Nikadhani anaogopa, nikamweleza kwamba mimi nimekulia kwenye maji, asiwe na shaka, maji ni maji. Pantoni ilipoyumba alishika pindo la shati langu kwa nyuma. Mkono wangu hakuushika, pindo tu. Nikabaki nimesimama wima mpaka ng'ambo, nisije nikageuka akaliachia.

Hiyo kauli yangu ya maji ni maji nawaomba msinikumbushe.

Pembemchanga: ya kwanza ilinipata mimi

Yustina tulimkuta anatembea kwa kujishika tumbo, lakini mzima, na mtoto mzima. Mama alivua sweta ya kwanza siku ile, ya pili kesho yake. Akachukua jiko, akachukua mtoto, akachukua nyumba. Mimi nikapewa banda la nje, na kazi ya kuchota maji na kupasua kuni.

Siku ya pili jioni nikaenda kuogelea. Wanakijiji waliokuwa wanasafisha nyavu walinitazama nikivua shati, mmoja akasema kitu kuhusu msimu, mimi nikampungia mkono. Niliingia mpaka kifuani, nikapiga mbizi, nikatokea mbali, najisikia niko Ukerewe. Ndipo kitu kikanipitia shingoni na mkononi kama kamba iliyotoka motoni. Sikuona kitu. Maji yalikuwa safi kabisa. Nikageuka, kikanipitia tena begani.

Nilitoka nikikimbia ndani ya maji, jambo ambalo mtu hawezi. Ufukweni nikafanya yale niliyoona yana akili: nikachota mchanga nikasugua kwa nguvu, kisha nikakimbilia kisimani nikajimwagia ndoo ya maji baridi. Moto ukazidi mara mbili. Mistari ikavimba mkononi, myekundu, imejipanga kama mtu aliyechapwa kwa mjeledi wenye ncha nyingi.

Aliyenisaidia ni jirani wa Yustina, mama wa makamo aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, wanamwita Bi Mwana. Alinitazama mkono mara moja tu.

"Konyeza," akasema. "Na umejisugua. Nani kakwambia ujisugue?"

Mimi neno hilo nilijua maana yake moja tu. Akanieleza kwamba ni kiumbe cha majini, laini, kinapitisha mwanga kama uji wa muhogo uliopoa, kina nyuzi ndefu chini, na nyuzi hizo ndizo zenye sumu. Zikikugusa zinabaki ngozini bado hazijamaliza kazi. Ukisugua unazifyatua. Maji ya kisima nayo yanazifyatua. Unatakiwa usuuze kwa maji yale yale ya bahari, uziondoe taratibu kwa kijiti au kwa kitambaa, usitumie vidole, kisha siki. Akaleta chupa ya siki aliyokuwa akitilia kachumbari, akanimwagia mkono wote. Kabla hajaondoka akaniuliza kama kifua kinabana au pumzi inakuwa fupi, maana ikiwa hivyo ni hospitali bila kuchelewa. Nikasema hapana. Akasema nimepata bahati ya wageni.

Halafu akapita uani kwa Yustina kurudisha chungu. Yustina alikuwa amelala. Bi Mwana akamwambia mama maneno ambayo mimi niliyajua siku nyingine kabisa. Alisema, "Mkweo huyo, mambo ya konyeza hayo. Msimu huu wamejaa ufukweni, na yeye kajitia katikati yao."

Siku tatu za kimya

Kuanzia jioni ile mama hakuniongelesha. Salamu aliitikia kwa koo. Chakula changu kilikuja kimepoa, tena kimewekwa nje ya banda juu ya jiwe. Nikimpita uani alimfunika mtoto kama vile napita na kipindupindu.

Nikajichunguza. Nikaona kosa langu ni moja: nilitoka baharini mbio, kifua wazi, suruali imenikalia vibaya, na njia ya kisimani inapita mbele ya nyumba. Bila shaka aliniona. Mkwe kumwona mkwe hivyo si jambo dogo. Nikalala nalo siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu nikaamua kuomba radhi. Nikasimama nyuma ya ukuta wa makuti, asinione, nikasema:

"Mama, naomba radhi kwa mambo ya kule ufukweni. Sikujua kama yangekufikia. Sitarudia."

Kisha akasema, "Nimesikia." Na chakula cha mchana hakikuja kabisa.

Taa

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamekupwa. Bi Mwana alimshawishi mama aende na wanawake ufukweni. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na mtu alimwambia maji ya chumvi yanasaidia. Mimi nilibaki napasua kuni. Haukupita muda mrefu akaja msichana mkubwa mmoja anahema.

"Mama yako kakanyaga taa."

Nikaacha shoka nikakimbia, lakini kwanza nikaingia ndani nikachukua kibano cha Yustina na kitambaa. Mawazo yangu yalikuwa kwamba mtu ametupa taa ya chemli ufukweni, mama amekanyaga chupa yake, na kazi ni kutoa vigae. Nilimkuta ameketishwa mchangani, midomo imekuwa ya kijivu, jasho linamtiririka. Kwenye upande wa kifundo cha mguu palikuwa na jeraha lenye kingo zilizochanika, linatoa damu. Nikaanza kutazama huku na huku natafuta chupa. Mwanamke mmoja akaniuliza natafuta nini. Nikasema hiyo taa.

"Imeshakimbia," akasema.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Taa gani inakimbia? Nikafikiri nyoka, na kiwandani tulikuwa tumefundishwa huduma ya kwanza ya nyoka, au mimi ndivyo nilivyoielewa. Nikafungua mkanda wangu, nikaufunga chini ya goti kwa nguvu zangu zote. Mama akaguna. Alikuwa hajatoa sauti mpaka wakati ule.

Bi Mwana alifika, akaufungua mkanda ule akautupa mbali.

"Unataka mguu uoze? Huyu si nyoka. Taa ni samaki, bapa kama ungo, anajifukia mchangani. Mkia wake una mwiba wenye meno na sumu. Ukimkanyaga anapiga." Akanionyesha: konyeza huacha mistari na haitoi damu, kuna kiumbe kingine cha mviringo chenye miiba, hicho huacha vidoa vyeusi, taa hupasua, na maumivu yake hupanda juu kila dakika. "Dawa yake ni maji ya moto. Hiyo sumu haipendi moto. Mbebeni."

Tulimbeba kwa khanga, wanawake watatu na mimi kwenye pembe ya nyuma, natazama pembeni. Uani wakamkalisha kwenye kigoda. Bi Mwana alisuuza jeraha, akatoa kipande cha mwiba kilichoonekana juu juu, akawasha majiko mawili kwa pamoja. Karai likaja, maji yakaja. Mama alipoutia mguu aliuchomoa. Wakaurudisha, akauchomoa. Hakuwa na nguvu ya kuushikilia mwenyewe, alikuwa anatetemeka mwili mzima. Yustina alijaribu kuinama, mshono ukamkatalia. Bi Mwana alikuwa kwenye moto, na wengine wawili walikuwa wamemshika mabega asianguke. Mtu wa kushika mguu hakuwepo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ua, nimegeuka upande. Nilijua ananitazama.

"Baba Deo," akasema. "Shika."

Nikapiga magoti nikaushika.

Bi Mwana aliniambia kazi zangu ni mbili. Kwanza, mguu usitoke majini. Pili, kila maji mapya yakiongezwa niyapime kwa mkono wangu mimi, kwa sababu mguu wenye maumivu yale haujui tena moto na unaweza kuungua bila mwenye nao kujua. Yawe ya moto kadiri ninavyoweza kuvumilia, yasiwe ya kubabua. Basi nikawa natia kiwiko, natia mkono, natikisa kichwa, naongezewa. Mguu wa mama mkwe wangu ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na kisigino chake kigumu kama ubao, kwa ile milima.

Sijui ni baada ya muda gani nilisikia misuli yake inaanza kulegea mikononi mwangu. Maumivu yalikuwa yanaondoka pole pole, kama mtu anayeteremka ngazi. Hapo mama akavuta pumzi, akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia:

"Yule mwanamke uliyemkonyeza ni nani?"

Nikasema mwanamke gani. Akasema nisimdanganye na hali nimemshika mguu. Nilikiri mwenyewe, nyuma ya makuti, kwamba sitarudia. Na Bi Mwana alimwambia wazi kwamba wako wengi ufukweni na nimejitia katikati yao. Mwanaye ana mimba ya miezi saba, akasema, na mimi nakonyeza watu.

Bi Mwana alikuwa amechutama kwenye moto, mwiko mkononi. Kwanza mabega yalianza kumtikisika. Kisha akakaa chini kabisa, akajifunika uso kwa khanga. Wanawake waliomshika mama wakaangua kicheko mpaka wakamwachia. Yustina alikuwa anacheka na kulia, ameshika mshono kwa mikono miwili, anawasihi wanyamaze maana anaumia. Ni yeye aliyemweleza mamake: konyeza ni mdudu, mama, mdudu wa baharini. Mimi nikakunja mkono wa shati nikaonyesha mistari, ilikuwa bado haijafutika.

Mama aliutazama mkono wangu. Akanyoosha kidole akagusa mstari mmoja.

"Kwa hiyo uliumwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikakunyima chakula."

Nikaomba maji mengine ya moto. Tulikaa vile saa moja na nusu. Ndivyo Bi Mwana alivyotaka, na maumivu yaliporudi kidogo tukaanza tena. Mchana tulipata gari la mchanga likatufikisha kituo cha afya, akasafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda. Mganga alisema yale maji ya moto yalifanyika vizuri. Mama akamwambia, "Ni mkwe wangu." Niliangalia ukutani palipobandikwa picha ya chanjo.

Kurudi, na ile zahanati ya Mwembesongo

Tulikaa wiki tatu nyingine. Mama alijifunza kuingia majini kama wenyeji, kwa kuburura miguu ili taa asikie na kuondoka, na alinifundisha na mimi, kana kwamba aligundua yeye. Kuogelea sikuogelea tena, nasema ukweli.

Kwenye basi la kurudi tulipewa tena viti viwili vya pamoja. Nikaanza kutafuta mtu wa kubadilishana naye. Mama akasema, "Kaa, mguu unataka pa kuegemea." Akauweka juu ya begi langu, begi likiwa mapajani mwangu. Mikese tulipita bila kusimama.

Lakini kufika kwangu mguu ulikuwa umevimba upya, kidonda kilichofunga kimeiva upande mmoja. Felista alipouona akaanza kulia. Karibu nasi palikuwa pamefunguliwa zahanati ya mtu binafsi, mojawapo ya zile za mwanzo mwanzo, na daktari wake alikuwa kijana mtaratibu sana. Aliuliza ni nini. Mama akasema taa. Daktari akaandika "ameungua". Nikaingilia kati.

Nilimweleza yote, samaki, mwiba, meno ya mwiba. Akaweka kalamu chini. Alisema yeye ni mtu wa Dodoma, kidonda cha samaki hajawahi kukiona, na asingependa kubahatisha. Akaniuliza huo mwiba ukoje. Nikachora kwenye karatasi yake kama tulivyokuwa tukichora msumeno karakana. Alitazama mchoro, akatazama mguu, akasema basi kuna jino limebaki. Akatia ganzi, akafungua. Nesi alipotaka kushika mguu mama akamwambia asisumbuke, mshikaji yupo. Nikaushika. Kilitoka kitu chembamba kama ukucha wa paka, cheusi kwa usaha. Mama aliomba apewe. Daktari akakifunga kwenye pamba, akamwandikia vidonge, na wiki moja baadaye uvimbe ulikuwa umekwisha.

Morogoro hadi Nyandira

Habari ilitutangulia mlimani. Sijui ilipandaje, labda na lori la makabichi. Tuliposhuka Nyandira, kaka yake mama, Mzee Gervas, ambaye ndiye mjomba wa akina Felista na msemaji wa ukoo, alikuwa ameketi uani kwa mama na wazee wengine wanne. Nikainama, nikatoa shikamoo zangu zote. Waliitikia. Nikaonyeshwa pa kukaa, mbali kidogo.

Mjomba alizungumza kwa upole. Alisema wamesikia mama yao aliumizwa, wanashukuru amerudi mzima. Lakini wamesikia pia kwamba mkwe alimshika mguu, tena si mara moja. Hawasemi nilikuwa na nia mbaya. Ila jambo likishatokea linasafishwa, na la namna hiyo husafishwa kwa kuku mweusi. Nikasema nimeelewa, nitatafuta kuku.

Mama alikuwa amesimama na fimbo yake, hajakaa bado.

"Kuku nitatoa mimi," akasema. "Mguu ni wangu, na mimi ndiye niliyemwambia ashike."

Akamtuma binti wa jirani akamkamate kuku kwenye banda lake mwenyewe. Kisha akakaa, akafungua ile pamba, akauzungusha ule mwiba kwa wazee, akaanza kusimulia kwa Kiluguru. Mimi Kiluguru changu ni cha sokoni. Nilishika maneno machache: taa, konyeza, karai. Alipofika kwenye konyeza mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mjomba hakucheka, ila aliushika ule mwiba kwa muda mrefu kuliko wengine.

Mwanamke mmoja jirani aliyekuja kusikiliza akauliza, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, yanatuhusu nini haya mambo ya samaki huku juu tunakolima njegere. Mama akamjibu kwamba watoto wa mlima huu siku hizi wote wanashuka Dar es Salaam kutafuta, na Jumapili wanakwenda baharini, na hakuna aliyewaambia kitu. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwambia. Akaagiza maji yachemshwe na beseni liletwe, watu waone inavyofanywa. Akataka mtu wa kutoa mguu, maana wake umeshachoka.

Watu wakatazamana. Beseni likawekwa mbele yangu. Nikayapima maji kwa kiwiko, nikaongeza baridi kidogo, nikapima tena. Nilipoinua uso, Mjomba Gervas alikuwa ameshasogeza kiti chake mpaka hapo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na uvimbe wa siku nyingi kwenye kifundo, kila mtu alikuwa anajua.

"Yasiniunguze," akasema, akaanza kufungua kamba za kiatu.